Makerere Ilipofika Mjimwema

Kitabu cha Robert Phillipson, Linguistic Imperialism, kilitoka mwaka 1992. Mimi nilikisoma nikiwa nimekwisha kustaafu, katika nakala ya kivuli yenye kurasa zilizofifia, baada ya kufundisha Kiingereza hapa Mjimwema mpaka chaki ikanizoea. Nilikisoma barazani kwa siku nne, na siku ya pili nilikifunga kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimejikuta ndani yake.

Phillipson, ambaye aliwahi kuitumikia British Council kabla ya kugeuka mkosoaji, anaturudisha Makerere, Januari 1961, miezi kumi na moja kabla ya uhuru wa Tanganyika. Hapo wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. (Ndugu msomaji, usiuchanganye mkutano huo na ule wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika hapo hapo Juni 1962. Wa waandishi ndio unaokumbukwa; wa walimu ndio uliotutawala.) Katika mawazo ya mkutano ule Phillipson anachambua imani tano ambazo kwake zote ni potofu: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza kitupu, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba mtoto akianza mapema zaidi ndivyo bora, kwamba akifundishwa kwa wingi zaidi ndivyo bora, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka.

Nilikuwa sijapata kusikia habari za mkutano huo. Lakini ile imani ya kwanza nilitahiniwa kwayo. Nikiwa katika mazoezi ya kufundisha, kabla ya kupata cheti changu cha Daraja A, nilifundisha somo la since na for. Andalio la somo lilikuwa safi, zana zilikuwa zimening'inizwa, na watoto walinitazama kama watu wanaosubiri mvua. Nikaandika ubaoni: tangu, kwa muda wa. Darasa zima likapumua. Mkufunzi aliyeketi nyuma akaandika kwa wino mwekundu kwamba nimetumia Kiswahili, akanikata alama. Nilipita kwa kuponea chupuchupu, nikaapa kwamba halitatokea tena.

Nalo halikutokea kwa miaka mingi, na hapo ndipo lawama inaponiangukia mwenyewe. Siku moja mtoto wa darasa la tano alinyoosha mkono katika kipindi changu: "Mwalimu, naomba..." Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba aseme kwa Kiingereza. Akanyamaza. Akajaribu tena, nami nikarudia jibu lile lile, nikijiona mwalimu hodari. Mtoto alijikojolea mbele ya wenzake. Hakuja shule juma zima, na aliporudi hakunyoosha mkono tena katika kipindi changu mpaka alipomaliza la saba. Mkufunzi hakuwapo siku hiyo. Hakuna aliyenituma.

Ndiyo maana namshukuru Phillipson. Amenionyesha kwamba nilichokidhani kuwa sheria ya ualimu kilikuwa maoni ya watu waliokaa kikao. Lakini hoja yake dhidi ya imani ya pili ningeipigilia msumari mwingine kutoka hapa. Mtoto wetu huja darasani akiwa tayari na -me- na -li-. Anajua tofauti ya nimefika na nilifika. Mwingereza ana tofauti inayokaribia hiyo, ila hailingani yote. Sisi twasema nimefika jana na hakuna anayeshangaa; yeye, akitumia wakati huo huo, hakubali neno jana liwepo. Basi watoto huandika I have arrived yesterday mwaka baada ya mwaka. Mgeni asiyejua Kiswahili ataona kosa tu. Sisi tunaona lilikotoka.

Hata jina lenyewe, lugha ya pili, ni la kukopa. Mtoto aliyehamia hapa kutoka Mbinga ana Kimatengo cha kwanza, Kiswahili cha pili, Kiingereza cha tatu; na akitoka shuleni kwenda sokoni hakisikii kabisa, labda akisome kwenye karatasi ya dawa.

Mwaka 1984 Criper na Dodd walichunguza shule zetu, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kufuata masomo kwa Kiingereza. Dawa iliyoletwa kuanzia 1987, kwa fedha za Uingereza, ilikuwa Kiingereza zaidi, pamoja na vitabu vya hadithi nyepesi. Vitabu vile sivisemi vibaya; binti yangu alivimaliza vyote.

Sasa niseme pale Phillipson aliponiacha njiani. Anabomoa imani tano kwa ustadi mkubwa, katika kitabu kilichochapishwa na Oxford, lakini mwalimu anayemtetea ni mwalimu anayekijua Kiingereza. Sisi je? Mwaka 1962 John Haycraft alianzisha kule London kozi fupi ya kuwafunza watu kufundisha Kiingereza, ile ambayo leo iko chini ya Cambridge kwa jina la CELTA, yenye saa zipatazo 120. Inawezekana kwa sababu anayeingia ana lugha tayari, anaongezewa mbinu. Vyeti vyetu vilichukua dhana hiyo hiyo bila lugha yenyewe. Walimu wa UPE wa miaka ya 1970, wengi waliomaliza darasa la saba, walisomea ualimu huku wakifundisha. Miaka ya 2000 vijana wa kidato cha sita walipewa wiki chache na leseni ya kufundisha sekondari, watu wakawaita voda fasta. Nami chuoni nilifundishwa saikolojia ya mtoto, azimio la kazi na utengenezaji wa zana. Kiingereza chenyewe kilidhaniwa kuwa ninacho. Nilikuwa nacho cha kukariri. Nadhani nusu ya ukali wangu darasani ulikuwa woga wa kuulizwa swali.

Juzi binti wa jirani, anayesomea ualimu, aliniletea andalio lake la somo nilitazame. Somo lilikuwa lile lile, since na for. Nikamwambia pale penye maarifa mapya aandike tangu na kwa muda wa.

"Babu, na mkufunzi akiona?"

Nikampa penseli, nikamwomba kwanza anisomee mfano wake wa ubaoni. Akasoma: I am living here since 2019.

Nikamwambia asogeze kiti, tuanze na sentensi hiyo.