Kalafati si Sili

Kisiwani Jibondo, Mafia, kwa waunda vyombo mashuhuri, kalafati ni pamba itiwayo mafuta na kushindiliwa katika mianya ya mbao. Mfasiri atakayeliazima neno hilo kwa sili ya shafti atapotosha. Ubao hutulia, bali shafti huzunguka. Kamba yenye grisi izingirayo shafti ya rafadha huachwa idondoshe maji kidogo, isije ikaungua. Katika mitambo ya mvuke yenye kasi kubwa, sili nyingi haziigusi shafti kabisa. Huupunguza mvuke nguvu kwa kuupitisha penye vinjia vyembamba mfululizo. Basi neno "sili", japo geni, na likubaliwe; kwani fundi aambiwaye "kalafati" atashindilia, na shafti itaharibika.