Kitochi Kinasomeka, Aliyekishika Hasomeki

Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umeshamfikia karibu kila mwenye simu nchini. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiutaja Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa laini za utapeli huo, na jina hilo baya linawafuata hata wakulima wa Kaoze na Laela wasiohusika. Tapeli akikamatwa na simu mkononi, ushahidi hutolewaje humo?

Kwanza simu hukatwa na mtandao, kwa kuwekwa hali ya ndege au kutiwa kwenye mfuko wa Faraday unaozuia mawimbi. Simu janja iliyobaki hewani yaweza kufutwa kutoka mbali. Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, kikiendelea kupokea ujumbe mpya, huenda ukaandikwa juu ya nafasi ya ule uliofutwa. Simu janja iliyokutwa imewaka, na ambayo mwenyewe alishaifungua kwa nywila, haizimwi ovyo, kwa kuwa ikizimwa funguo za usimbaji hutoka kwenye kumbukumbu.

Kisha huja programu, kama UFED ya kampuni ya Israel, Cellebrite. Njia nyepesi ni kuiomba simu yenyewe itoe majina, ujumbe na orodha ya waliopigiwa. Njia ya pili hunakili mafaili ya mfumo, yakiwamo ya hifadhidata ya SQLite. Humo ujumbe uliofutwa mara nyingi hubaki, nafasi yake ikiwa imetiwa tu alama kwamba iko wazi. Njia ya tatu hunakili kumbukumbu nzima, biti kwa biti.

Hapa bei ya simu hugeuza mambo. Simu janja zilizotoka kiwandani na Android 10 au zaidi hulazimika kusimba data, kwa hiyo nakala ya biti bila funguo ni fujo tupu. Kitochi kwa kawaida hakisimbi chochote, na mtaalamu anayeijua chipu yake hukisoma chote. Lakini mara nyingi hakina akaunti ya Google, ramani ya safari wala picha za mwenyewe. Kinaeleza yaliyotumwa, hakielezi aliyetuma.

Pengo hilo huzibwa na IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe. Tapeli hubadilisha laini kila mara, kifaa hukibakiza. Kumbukumbu za kampuni ya simu huonyesha laini zilizopita kwenye IMEI moja. Huunganishwa na miamala, wakala aliyetoa fedha, na hati ya upekuzi inayoeleza simu ilikutwa kwa nani. Uzi mmoja peke yake hautoshi: kuna mafundi wanaobadilisha IMEI, na kuna laini zilizosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine.

Mahakamani, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinataka uzito wa ushahidi upimwe kwa jinsi data ilivyotunzwa. Ndiyo maana nakala hupigiwa hesabu ya SHA-256: herufi moja ikibadilika, jibu zima hubadilika. Ila hesabu hiyo hulinda kuanzia pale ilipopigwa, si kabla. Kenya, mwaka 2025, watafiti wa Citizen Lab walieleza kuwa programu ya ujasusi ya FlexiSPY ilipachikwa kwenye simu za watengenezaji filamu wakati zikiwa mikononi mwa polisi. Wakili makini ataanza na saa: simu ilichukuliwa lini, hesabu ikapigwa lini, na katikati alikuwa nayo nani?

Mwananchi naye ana lake la kukagua. Msajili wa laini wa mtaani aliyekuomba uweke kidole mara ya pili "kwa sababu mashine imegoma" huenda alisajili laini nyingine kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizo chini ya kitambulisho chako cha NIDA. Kitochi kisipotaja aliyekishika, mpelelezi ataanza na jina lililosajiliwa.