Leso ya Mavyaa: Ufundi wa Kuchagua Zawadi Itakayosomwa

Katika mitaa ya Eastlands, yaani upande wa mashariki wa Nairobi unaoanzia Pumwani na Kaloleni na kuenea hadi Buruburu, Umoja na Kayole, zawadi ya siku ya kuzaliwa anayopewa mama mkwe ni desturi changa iliyopandikizwa juu ya desturi kongwe, na ugumu wake mwingi unatokana na upandikizaji huo. Desturi kongwe ni ile ya mahari, ambamo mama wa binti hutengewa blanketi, leso na vitu vingine ambavyo wazee wa pande zote mbili wamekwisha kuvijadili na kukubaliana, kiasi kwamba mtoaji habaki na la kuchagua isipokuwa rangi, na kitu kikiwa duni lawama huwaangukia waliosimamia mazungumzo. Desturi changa haina wazee wala orodha. Mtoaji husimama peke yake mbele ya kaunta ya duka, na kitu atakachotoka nacho kitaeleza, hata asipotaka, amemfahamu mama huyo kwa kiasi gani.

Mzigo huu kwa kawaida humwangukia mwanamke, awe anamchagulia mavyaa, yaani mama wa mumewe, au awe anamsaidia mumewe kumchagulia mama aliyemzaa mwanamke huyo. Sababu mojawapo ni kwamba katika jamii nyingi zilizokutana Eastlands, wakiwemo Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakisii, mume na mama wa mkewe huwekeana mipaka ya heshima ambayo, kwa viwango vinavyotofautiana, huwazuia kutaniana, kukaribiana sana au kulala chini ya paa moja, hivyo zawadi inayogusa mwili, kama vile nguo au manukato, ni vigumu kupita mkononi mwa mkwe wa kiume pasipo mtu wa kati. Hata tarehe yenyewe huhitaji upelelezi. Wakazi wengi wa mitaa hii walizaliwa katika hospitali ya kujifungulia ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926, na siku yao imeandikwa. Wakwe zao waliozaliwa nyumbani mashambani kabla ya uhuru wa 1963 mara nyingi wanaijua njaa au mvua iliyowapokea duniani kuliko wanavyoijua tarehe, na watoto wao hulazimika kuafikiana siku moja na kuishikilia.

Vitu vinavyojitokeza haraka akilini vinaweza kuondolewa haraka vilevile. Blanketi ni zawadi ya mtu aliyechoka kufikiri, kwa kuwa linarudia mahari na kumdokezea mama kwamba ameonekana mzee mwenye kusikia baridi. Sufuria ya Kamukunji, inayofuliwa kwa nyundo na mafundi wa jua kali, ni kazi ya kuheshimiwa na itadumu miaka, lakini inamrudisha mwanamke jikoni siku ambayo angepaswa kupakuliwa chakula. Fedha zinazotumwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, zina fadhila ya kufika kabla ya salamu, ila hufika kwa ujumbe uleule unaotangaza karo, kodi ya nyumba na mchango wa mazishi. Kinachobaki, na kinachostahili kuzungumzwa kwa kirefu, ni leso.

Leso, ambayo Watanzania wengi huiita kanga, ni kitambaa cha pamba cha umbo la mstatili chenye upana wa zaidi ya mita moja na urefu wa karibu mita moja na nusu, kinachouzwa kwa jozi, au pea kama wasemavyo madukani. Historia yake huanzia pwani katika karne ya 19, pale wanawake walipokuwa wakinunua vitambaa vidogo vya mkononi vilivyotiwa nakshi, kisha wakiviunga sita sita kupata shuka moja ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa tayari, na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, likajulikana kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla. Nairobi vazi hili lilipata makao ya mapema katika Majengo ya Pumwani, mtaa wa miaka ya 1920 ambao utamaduni wake ulikuwa wa Kiislamu na wa Kiswahili, na ambamo wanawake wengi walikuwa wenye nyumba, si wapangaji. Sehemu zake ni tatu: pindo, ambalo ni ukanda unaozunguka kitambaa chote, mji, ambao ni uwanja wa katikati, na jina, ambalo ni yale maneno yaliyochapwa kwa herufi kubwa juu ya pindo la chini. Pindo na mji huchaguliwa kwa jicho. Jina ndilo linalodai ufundi, maana zawadi hii, tofauti na kikombe au kiatu, itasomwa.

Itasomwa na nani? Kwanza mama mwenyewe, kisha majirani zake, na hatimaye wifi, yaani dada wa mume, ambaye ndiye msomaji mkali kuliko wote. Majina mengi ya leso yalitungwa kwa ajili ya mafumbo, ambayo ni maneno yanayomlenga mtu pasipo kumtaja, na mnunuzi asiyefungua kitambaa kilichokunjwa anaweza kubeba vita hadi nyumbani kwa watu akidhani amebeba maua mekundu. Hakuna anayehitaji kuonywa kwamba “Hasidi hana sababu” au “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake” hayapelekwi kwa mavyaa. Hatari zaidi ni majina mema. “Nani kama mama”, ambalo wauzaji hulipendekeza kwa wepesi, ni jina la mwana kumpa mzazi wake. Likitolewa na mkaza mwana, yaani mke wa mwana, nyumba zenye upendo hulipokea kama sifa, lakini palipo na ushindani wa chini kwa chini kuhusu ni nani anayemlisha yule bwana vizuri zaidi, maneno hayohayo hugeuka kejeli. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” ni jina zuri kwa mama anayekuja mjini mara moja kwa mwaka na mfuko wa mahindi mabichi. Kwa mama aliyekuja Kayole kwa wiki mbili na sasa yuko katika mwezi wa tatu, linamkumbusha kwamba yeye ni mgeni. “Wema hauozi” lina usalama zaidi, hasa kwa bibi aliyewalea wajukuu wakati wazazi wao wakihangaika na kazi, kwa sababu linakiri deni pasipo kuomba kitu kingine, ingawa hata hilo huwa maneno matupu pale ambapo hakuna wema unaoweza kutajwa.

Kwa hiyo uchaguzi wa jina ni usomaji unaotangulia ununuzi, na mkaza mwana hodari huufanya akiwa amejiweka mahali pa kila mmoja wa wasomaji wale kabla hajatoa hata shilingi. Yeye hajiulizi jina gani linamfurahisha, bali jina gani haliwezi kupotoshwa katika nyumba ile, kwa historia ile, mwaka ule.

Baada ya jina huja kitambaa. Iwe ni katika maduka ya Eastleigh au kwenye vibanda vya Gikomba, mnunuzi anayejua kazi huomba jozi ifunguliwe yote, akaiinua kuelekea mwangaza ili aone kama nyuzi zimebanana, kisha akakisugua kipande kidogo kati ya vidole viwili, maana leso mpya hutiwa wanga unaoipa ukakamavu wa uongo ambao huondoka katika ufuaji wa kwanza. Kidole kilicholoweshwa kidogo na kupitishwa juu ya nyekundu au nyeusi kitaonyesha kama rangi inatoka. Pale pindo linapokutana na mji, rangi moja haipaswi kuvuka mpaka wa nyingine, na kasoro ya namna hiyo ikiliangukia jina huzifanya herufi zionekane mbili mbili kama zimetetemeka. Leso iliyochanganywa nyuzi za plastiki hung’aa na haijikunji, lakini hainyonyi maji wala haitulii kiunoni, na mama aliyejifunga leso maisha yake yote huitambua kabla hajaikunjua.

Linabaki suala la upindaji, ambalo hata wajuzi hawakubaliani. Jozi hutoka kiwandani ikiwa vipande viwili vilivyoungana, na fundi mwenye cherehani yake barazani huikata katikati na kuishona ncha kwa muda mfupi na malipo madogo, jambo linaloonekana kuwa heshima kwa mama mwenye macho dhaifu. Hata hivyo, kuna hoja nzito ya kuiacha jozi bila kukatwa, kwa kuwa miongoni mwa wanawake wanaoelewana jozi hugawanywa, kila mmoja akabaki na kipande chenye jina lilelile, na haki ya kuamua mwenye kipande cha pili ni ya mama, wala si ya fundi au ya mtoaji. Mkaza mwana akiikata kabla, amempa mavyaa nguo mbili. Akiiacha, amempa nguo pamoja na uamuzi. Mama anaweza kuufanya uamuzi huo mezani palepale, akaagiza mkasi, au akaikunja jozi nzima na kuondoka nayo kesho yake asubuhi kwa basi la mashambani, akamgawie dada yake.