Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Mtoto wa mbwa huzaliwa amelowa, macho na masikio yamefumba, na mwili wake haujui kutetemeka. Mnyama mkubwa akishikwa na baridi hutetemeka akapata joto; kichanga wa mbwa hana uwezo huo katika wiki ya kwanza. Mafuta chini ya ngozi ni haba, akiba ya sukari iliyo kwenye ini huisha baada ya saa chache, na kwa kuwa umbo lake ni dogo joto humtoka upesi. Siku hizo joto la mwili wake huwa kati ya nyuzi 35 na 37 za Selsiasi, ilhali la mama yake ni 38 hadi 39. Asichoweza kujitengenezea hukipata tumboni pa mama, kwa ndugu zake, au kwa mfugaji.

Mama ndiye fundi wa kwanza. Humlamba kila mtoto hadi akauke, kisha hujikunja kuwazunguka wote. Mfugaji hujaliza pale panapopungua: mama anapotoka kujisaidia, anapowakataa watoto wa uzao wa kwanza, anapokufa, au anapozaa mmoja tu asiye na wa kujibanza naye. Njombe, Makete au Limuru, ambako usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 10 na chini yake, haja hiyo haina mjadala. Lakini hata Dar es Salaam, mji unaolalamikia joto mwaka mzima, sakafu ya saruji yenye unyevu humpoza kichanga.

Sanduku la mbao au boksi gumu linatosha, likiinuliwa kutoka sakafuni, likitandikwa magazeti na blanketi kuukuu, na kuwekwa mbali na upepo wa mlangoni. Taa ile ile ya kulelea vifaranga huning'inizwa juu ya kona moja, kamwe si katikati. Chini yake hewa iwe nyuzi 29 hadi 32 katika wiki ya kwanza, na kipimajoto kilazwe pale walipolala watoto, si ukutani. Upande wa pili uachwe na ubaridi kiasi. Kichanga, ingawa haoni wala hasikii, hutambaa kulifuata joto; mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Hungaria walionyesha kwamba ncha ya pua ya mbwa huhisi hata joto hafifu kutoka mbali kidogo. Hisi hiyo haimfai kitu ikiwa kila pembe ina joto sawa na hana pa kukimbilia.

Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kanga au sweta hufanya kazi hiyo hiyo, mradi zibadilishwe kabla hazijapoa, kwa maana chupa iliyopoa hunyonya joto la mtoto badala ya kumpa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa halifai kabisa: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua mbwa na watu pia.

Ustadi wenyewe, hata hivyo, uko katika kuwasoma watoto. Wakilala wamegusana ubavu kwa ubavu, wakishtuka-shtuka usingizini, wana raha. Wakipandana na kulia, wanaona baridi. Wakitawanyika kila mmoja kivyake, wakihema midomo wazi, taa iko chini mno. Wa kuogopewa zaidi ni yule aliyejitenga, kimya, mdomo wa baridi: huyo ameshapita hatua ya kulia.

Hapo huruma huponza. Wengi hukimbilia kumnywesha maziwa, na hayo ndiyo humuua. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 34 hivi, utumbo husimama. Maziwa huchachia tumboni au huingia mapafuni kwa sababu kumeza kumedhoofika. Apashwe joto kwanza, polepole, kwa saa moja hadi tatu, akigeuzwa mara kwa mara. Kifua cha mtu, ndani ya sweta, ni mahali pazuri kuliko pote. Kumpasha kwa haraka huivuta damu kwenye ngozi na kuviacha viungo vya ndani bila damu ya kutosha. Anyonye baada ya mdomo kupata joto na kuanza kutafuta chuchu.

Joto ni kinga pia. Kirusi cha hepesi cha mbwa, kinachoua vichanga wa chini ya wiki tatu, huzaliana vyema katika mwili usiofika nyuzi 37.

Kuanzia wiki ya pili taa huinuliwa kidogo kidogo hadi hewa ifike nyuzi 26 hivi. Wiki ya nne watoto huweza kulinda joto lao wenyewe, na penye hali ya hewa ya wastani taa huondolewa. Nyanda za juu wakati wa Julai, iachwe ikiwaka usiku kwa wiki chache zaidi.