Spirulina: tuache kuhesabu tu, tuulize inafanya kazi gani



Jean Léonard, yule Mbeljiki aliyesoma mimea ya pembeni ya maji kule Yangambi, alitoa mwaka 1967 pamoja na Pierre Compère makala juu ya spirulina. Ni ile mwani ndogo ambayo wamama wa Kanem, Chadi, wanachota ziwani, wanakausha kwenye mchanga na kuuza kwa jina la dihé. Makala ni nzuri. Lakini kichwa chake kinaisifu juu ya wingi wa protini, na tangu pale sisi wote tunaimba wimbo ule ule: protini 60 kwa 100!

Ile namba inatoka wapi? Kwa Kjeldahl: unapima azoti, unazidisha mara 6,25. Kjeldahl inahesabu hata azoti ya klorofili. Tena haioni kama protini iko nzima ao iliungua. Ukausha vizuri, ukausha vibaya, namba ni karibu ile ile.

Sasa angalia mayonezi. Mafuta na siki havipatani. Kiini cha yai njo kinavishikanisha. Protini nayo iko na upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, inasimama katikati. Spirulina inaweza kufanya ile kazi: unapasua seli, unayeyusha protini kwenye maji yenye alkali kidogo, unatoa makapi, unatia asidi mpaka karibu pH 4, protini inashuka chini, unaikusanya. Lakini joto likizidi, inakunjuka na kugandamana. Ute wa yai lililochemka haurudi kuwa maji.

Je, tulime spirulina Banalia? Inataka maji ya pH 9 mpaka 11, na udongo wetu uko na asidi. Bikarbonati itabidi kununua mbali na kuipandisha kwa barabara yetu munayoijua. Kwangu mimi, hiyo si kazi ya kwanza.

Lakini ulizo lake ni letu. Memwari zetu juu ya soja, karanga na sombe zinaishia kwa Kjeldahl. Yangu pia. Siku moja mama mmoja anayeuza maziwa ya soja aliniuliza: « Mtoto, wewe ulisoma, juu ya nini maziwa yangu yanakatika? » Nilikuwa na asilimia mukononi. Jibu, sikuwa nalo.

Tuanze na kidogo: chupa, maji, mafuta ya mawese, unga wa soja iliyokaushwa kwa jua na ingine kwa moto. Tikisa, piga alama, ngoja saa moja, angalia mafuta yamepanda wapi. Ile alama itamjibu mama kuliko namba yangu.

Nani ako na chupa?