Hatia na Wazimu: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Kisheria

Wahakiki wetu wamezoea kupima tafsiri za tamthilia na riwaya, wakaziacha tafsiri za mahakamani, ilhali huko neno moja huweza kumgharimu mtu miaka ya uhai wake. Makala haya yanachungua kauli moja tu: "ana hatia lakini ni mwendawazimu".

Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humwondolea dhima mtu ambaye, alipotenda, maradhi ya akili yalimzuia kufahamu atendalo au kujua kwamba hapaswi kulitenda. Chimbuko lake ni kesi ya M'Naghten ya Uingereza, 1843. Hapo hapana mgogoro mkubwa. Mgogoro umo katika uamuzi unaofuata, ambao kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa jinai kiliagiza utamkwe: mshtakiwa ana hatia ya kitendo, ila alikuwa na wazimu. Kauli hii ilizaliwa Uingereza mwaka 1883, baada ya Roderick Maclean kumfyatulia Malkia Victoria risasi mwaka 1882 na kuonekana hana hatia. Malkia hakuridhika. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1964. Sisi tuliobandikwa tukabaki nayo.

Tuipeleke sasa Mwabungo, kwa Wadigo. Katika fikira za Kiislamu zilizokilea Kiswahili cha pwani, akili ndiyo sharti la kuwajibishwa. Majnuni, sawa na mtoto na aliyelala, haandikiwi dhambi. Msikilizaji wa huko atauliza, na ana haki: hatia ya nani, ikiwa akili haikuwapo?

Lipo jambo zito zaidi. Shahidi akisema "alipandwa", hasemi habari ya ujuzi hata kidogo. Aliyepandwa ni kiti. Mtenda ni pepo, naye pepo hupungwa. Sheria imeuliza kama mtu alijua. Shahidi amejibu ni nani aliyetenda. Mkalimani akilifasiri jibu hilo kuwa "alikuwa mwendawazimu", amelifuta na kuweka lake. (Neno "wazimu" lenyewe, ajabu, ni ndugu wa "mzimu".) Kesi za mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, ambayo lugha yake ni Kiingereza, basi jaji hupokea kile alichopewa. Na kwa kuwa kifungu cha 11 humdhania kila mtu kuwa timamu, mzigo wa kuthibitisha kinyume humwelemea mshtakiwa.

Matokeo ya uamuzi huo yalikuwa kuwekwa kizuizini kwa hiari ya Rais, bila muda kutajwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba jambo hilo lakiuka Katiba ya 2010.

Twapendekeza "alitenda, ila hakuwa na akili timamu": kitendo kimekiriwa, hatia haikutajwa. Na neno "alipandwa" liachwe kama lilivyosemwa, shahidi aulizwe maana yake, ndipo daktari aitwe.