Hamu ya Kitu Kisichonunuliwa

Si kila aitazamaye zamani kwa huzuni amepotewa na kitu. Wako watu wazima leo, wenye kompyuta bora mezani na simu bora mfukoni, ambao nyoyo zao huelekea kwenye mashine za miaka ya 1980 ambazo hawakupata kuzimiliki hata siku moja. Waliziona dirishani mwa duka, au katika matangazo ya magazeti, au nyumbani kwa jirani. Hamu yao yastahili kupimwa na wahakiki, maana nadharia mashuhuri ya jambo hili haikuipa mahali pake.

Neno nostaljia liliundwa na tabibu Johannes Hofer huko Basel katika mwaka wa 1688. Alilitoa katika maneno mawili ya Kiyunani: la kwanza lina maana ya kurudi nyumbani, na la pili maumivu. Kwake lilikuwa jina la ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Svetlana Boym, mzaliwa wa Leningrad aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, alilishughulikia neno hilo katika kitabu chake The Future of Nostalgia cha mwaka 2001, akaigawa hali hiyo mafungu mawili. Fungu la kwanza hushika kurudi, likataka kuijenga upya nyumba iliyobomoka. La pili hushika maumivu, likakaa magofuni na kutafakari pasipo haraka ya kujenga. Mgawanyo huu umewafaa wahakiki wengi. Tena Boym hakusahau kwamba nyumba itamaniwayo yaweza kuwa haikuwapo kamwe.

Hata hivyo, upo upungufu. Kati ya nyumba iliyobomoka na nyumba isiyokuwapo kamwe, iko ya tatu: nyumba iliyokuwapo, lakini wakakaa wengine. Mfano wake ni kompyuta ya ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Clive Sinclair katika mwaka wa 1982. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa kwa pauni 125, na yenye kilobaiti 48 kwa pauni 175. Ilisifiwa kuwa rahisi, na kwa kulinganishwa na nyingine ilikuwa rahisi kweli. Lakini rahisi kwa mmoja ni ghali kwa mwenziwe. Mtoto ambaye wazazi wake hawakuzipata pauni hizo hakuota ndoto tupu. Alizijua rangi za mashine ile, vibonye vyake vya mpira na bei yake. Kusema kwamba alitamani kisichokuwapo ni kumkanusha. Kusema kwamba leo ataka kurudi ni kumsingizia nyumba ambayo hakulala.

Kiswahili chasaidia kupambanua hapa. Akumbukaye kitu alikipata; atamaniye hajakipata. Majuto nayo ni ya mtu aliyekuwa na hiari, akachagua vibaya. Mtu huyu hakuwa na hiari. Afanyalo ni kukumbuka kutamani: kilicho mali yake katika zamani ile si mashine, bali shauku aliyokuwa nayo juu yake.

Kwa sababu hiyo dawa ya sokoni haimponyi. Katika mwaka wa 2024 kampuni ya Retro Games ilitoa The Spectrum, mashine mpya yenye umbo la ile ya kale, vibonye vya mpira na michezo 48 ndani yake. Hapana haja tena ya kungoja kaseti dakika kadhaa mpaka mchezo uingie. Aliyemiliki ya kwanza aweza kuiona njia ya kurudi, sawasawa na maelezo ya Boym. Asiyemiliki hupata kitu alichokosa, lakini hakipati katika umri alipokihitaji.

Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa fasihi. Kumbukumbu nyingi za kompyuta za kale huandikwa na waliozimiliki, nao hutaja michezo na kusahau bei. Zikisomwa peke yake, kizazi kizima huonekana kuwa kilikaa mbele ya mashine, hali wengi walisimama nje ya dirisha. Hamu ya asiyenunua ni ushahidi wa upande huo wa pili, na mhakiki anayeiita nostaljia tu, bila kuuliza nani alikuwa na fedha, aufuta ushahidi huo pamoja na mwenyewe.